Saa 48: haki inayobaki ndani ya telefone haitoshi mtu kasho

Vijana wenzetu wa Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi,

Mwaka jana nilimaliza masomo ya haki za binadamu kwenye intaneti. Wiki sita, kwa Kifaransa, bila kulipa kitu isipokuwa mega. Nikapata sertifika, nikaiweka kwenye WhatsApp, watu wakanipongeza. Mimi ni shomeri mwenye lisansi, basi karatasi yoyote inafurahisha.

Kisha kijana jirani yetu akakamatwa. Anasukuma kinga, anavusha unga na mafuta kutoka Zambia. Siku ya nne mama yake alikuja kwetu, akaniuliza: "Yaya, mutoto wangu banaweza kumuchunga mpaka siku ngapi? Weye ulisoma." Nikafungua telefone nitafute somo. Mega zilikuwa zimeisha. Kesho yake mama aliuza makala yake yote, akalipa bila kupewa resi, mtoto akatoka.

Jibu lilikuwa fupi. Kifungu cha 18 cha Katiba ya 2006 kinasema: aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu, kwa lugha anayosikia. Ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia au avoka wake. Gardavi isipite saa 48. Zikipita, aachiliwe au apelekwe mbele ya sheria. Kwenye mtihani nililijibu vizuri, kwa Kifaransa. Mbele ya mama yule nilinyamaza.

Hatusemi masomo ya intaneti hayana faida. Kwa kijana asiye na makuta ya kununua vitabu, ni mlango. Lakini mlango huo unafunguka kwa Kifaransa, unakula mega, na siku nyingine unafungwa kabisa. Tunakumbuka: baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, serikali ilikata intaneti karibu siku ishirini. Haki uliyoiacha kwenye intaneti, siku ile hukuwa nayo. Uliyoishika kwa kichwa, ulibaki nayo.

Na kufundisha haki si huruma ya mtu. Kifungu cha 45 kinaipa serikali kazi ya kueneza na kufundisha Katiba na Tangazo la Haki za Binadamu la 1948, na kuingiza haki hizo katika mafunzo ya jeshi na polisi. Kifungu cha 142 kinataka sheria ienezwe kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, katika siku 60. Kiswahili ni moja ya hizo nne. Hilo ni deni.

Kwa hiyo tunadai:

Serikali ilipe deni hilo: kifungu cha 18 kibandikwe kwa Kiswahili kwenye kila kituo chenye kasho.

Wanaotengeneza masomo ya intaneti watoe sauti fupi kwa Kiswahili, za kupakua mara moja na kupitisha kwa Bluetooth bila mega.

Na sisi wenye sertifika: kila mmoja achukue kifungu kimoja, akisome kwa dakika moja, kwa Kiswahili au Kibemba cha nyumbani, atumie wenye kinga, wenye moto na wamama wa soko.

Wengine watasema: mwenye bunduki hasomi Katiba. Mara nyingi ni kweli. Lakini bei ya kutosha mtu inapanda kwa sababu mama anakuja peke yake, hajui aulize nini. Majirani kumi wakifika saa ya 48, bila fujo, wakauliza "dosiye yake imeshafika parke?", anayetaka makuta atalazimika kujibu mbele ya watu.

Basi leo, kabla ya kuzima telefone, shika sentensi moja: gardavi haipite saa 48. Mwambie mama yako, kisha mwambie mama wa jirani.

Kijana mwenzenu, Kasumbalesa