Sikio Lililozibwa Halisikii Pikipiki

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Lakini wahenga hao hawakuwahi kuona vipokea sauti vya masikioni. Laiti wangaliviona, nadhani wangaliongeza methali nyingine: sikio lililozibwa halisikii pikipiki. Ndugu msomaji, usicheke. Ushahidi ninao, na ushahidi wenyewe ni mimi.

Likizo ya Desemba iliyopita nilijipa zoezi la kukimbia kila asubuhi, nisije nikawa mzito riadha zikianza muhula wa kwanza. Nilikuwa nikitoka Kamasengre, karibu na kaburi la Tom Mboya aliyeuawa mwaka 1969, na kufuata barabara ya kuelekea daraja la Mbita. Kwa kuwa shuleni simu haziruhusiwi, nyumbani nilikuwa sitengani nayo. Muziki ulijaa masikioni pomoni. Ziwa nililiona lakini sikulisikia. Watu niliowapita niliona midomo yao ikicheza tu, kama samaki.

Asubuhi moja pikipiki iliyobeba magunia ilinijia kwa nyuma. Mwenyewe anasema alipiga honi mpaka kidole kikamuuma. Mimi wapi! Nilihama upande bila kutazama. Akanikwepa, akaingia moja kwa moja kwenye nyavu ambapo nyanya mmoja alikuwa ameanika omena wake. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Lakini omena waliovuliwa usiku kucha kwa taa walitapakaa mchangani, wengine wakapondwa na gurudumu.

Nyanya hakunitukana. Alisema tu, "Nyathina, nimekuita mara tatu." Yaani, mwanangu. Nilishinda pale hadi saa tano nikiokota omena mmoja mmoja, huku nikijua kuwa karo ya mjukuu wake hutoka kwenye omena hao hao. Mimi ndiye niliyeziba masikio, yeye ndiye aliyepata hasara.

Tangu siku hiyo nakimbia masikio wazi, na maoni yangu ni kwamba kila mwanafunzi anayependa mbio afanye vivyo hivyo.

Kwanza, mwili una lugha yake. Mguu ukikanyaga vibaya hutoa kishindo tofauti. Pumzi ikianza kukatika hukuambia upunguze mwendo. Wataalamu wa michezo wanakubali kuwa muziki humfanya mtu asihisi uchovu sana. Wenzangu huona hiyo ni faida tupu. Mimi naona pia ni mtego, kwani uchovu ni ujumbe, na anayeuficha huja kushtuka goti limefura. Siku hizi nahesabu hatua: tatu nikivuta pumzi, tatu nikiitoa. Mlimani zinakuwa mbili mbili. Nikishindwa kumsalimu mtu kwa sentensi nzima, najua nimezidisha kasi. Mawazo yakitoroka kwenda kwenye mtihani wa hesabu, nayarudisha polepole kwenye hatua zangu, bila kugombana nayo.

Wapo watakaosema, "Bila muziki mbio zinachosha, bwana!" Tena watanitajia Haile Gebrselassie wa Ethiopia, ambaye mwaka 1998 alivunja rekodi ya mita 2000 za ndani kule Birmingham huku wimbo wa "Scatman" ukichezwa. Ni kweli. Lakini wimbo ule ulitoka kwenye vipaza sauti vya uwanja, kila mtu akausikia, na nyuma yake hapakuwa na boda boda! Sheria za riadha za kimataifa zenyewe zinakataza mshindani kutumia redio au simu anaposhindana. Basi kwa nini tujizoeze na mkongojo ambao siku ya mashindano tutanyang'anywa?

Pili, kisiwa chetu kina sauti zake. Kuna mawimbi, kuna furukombe anayelia juu ya maji, kuna injini za mashua zinazorudi alfajiri. Kuna wazee wachache ambao bado wanasalimiana kwa Kisuba, lugha ya mababu wa Rusinga, ilhali wengi wetu wa rika hili tunajua Kidholuo tu. Tukiwapita wazee hao tumeziba masikio, nani atatufunza? Isitoshe, kumpita mkubwa bila kuitikia salamu ni utovu wa adabu, hata kama unakimbia kushinda swara.

Siwaombi mtupe simu ziwani, jamani. Sikilizeni muziki mkifua nguo au mkipika ugali. Ila mkifunga kamba za viatu, viacheni hivyo vipokea sauti mezani. Jaribuni wiki moja tu likizo ijayo, kisha mje mnibishie.

Mkikataa, mimi sina la ziada. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkimbiaji bila guu ni mtazamaji.

Mwanachama, Kidato cha Tatu