Siku Nne za Mzazi Aliye Peke Yake

Bwana Mhariri,

Naomba unipe nafasi kidogo katika gazeti letu niseme neno juu ya jambo ambalo wengi wetu twalijua majumbani mwetu, walakini katika mikutano ya chama sijalisikia likitajwa. Nalo ni hili: mfanyakazi anayelea watoto peke yake, awe baba au mama, afanye nini mtoto wake anapougua siku ya kazi?

Mimi ni karani hapa Endasak, katika njia itokayo Babati kwenda Katesh. Mke wangu alifariki akaniachia watoto wawili. Mama yangu mzazi akaja kukaa nasi akiwatunza, nami nikawa naenda kazini kila asubuhi pasipo wasiwasi, nikidhani, kama wanaume wengi tunavyodhani, kwamba nyumba hujiendesha yenyewe. Mwezi wa Machi mwaka jana mama akafariki. Nikapewa siku 4, nikamzika, nikarudi mezani pangu. Mwezi wa Juni, katika baridi yetu hii ya chini ya Mlima Hanang, mtoto mdogo akashikwa na homa ya mapafu, akalazwa hospitali siku 9. Nilipokwenda kuomba ruhusa, mkuu wangu wa kazi alifungua jalada langu akaniambia kwa upole, "Siku zako nne umekwisha kuzitumia." Kisha akauliza, "Je, hakuna bibi wa kukaa na mtoto huko wodini?" Nikamjibu kwamba bibi ndiye niliyemzika kwa siku zile nne. Akanyamaza, nami nikanyamaza.

Sisemi kwamba mkuu wangu alikosa. Aliisoma sheria kama ilivyoandikwa, nami baadaye nikaitafuta nikaisoma mwenyewe. Ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inayowahusu wafanyakazi wa Tanzania Bara, wa Serikali na wa watu binafsi, isipokuwa walio katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. (Mtumishi wa Serikali asome pamoja nayo Kanuni za Kudumu za Utumishi za mwaka 2009.) Kifungu cha 34 chasema kwamba mfanyakazi atapata siku zisizopungua 4 zenye malipo kwa sababu ya ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au kifo cha mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Wengi hudhani ni siku nne kwa kila tukio, au kwa kila mwaka. Sivyo. Ni siku 4 kwa mzunguko mzima wa likizo, nao kwa likizo ya namna hii ni miezi 36. Na sheria yasema wazi kwamba hesabu haiongezeki hata matukio yakiwa mengi. Akitaka zaidi, mwajiri aweza kumruhusu, lakini bila mshahara.

Basi tazameni, ndugu zangu. Misiba yote ya ukoo na magonjwa yote ya watoto yametiwa katika kikapu kimoja, na kikapu chenyewe kina siku nne kwa miaka mitatu. Mtu akimzika mzazi wake Januari, mtoto wake hana ruhusa ya kuugua surua hata mwaka wa tatu.

Sasa kitazameni kifungu cha 32, cha ugonjwa wa mfanyakazi mwenyewe. Humo sheria ina mkono mkunjufu: siku 126 katika miezi hiyo hiyo 36, yaani 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu, mradi alete cheti cha daktari. Nchi ya jirani, Kenya, sheria yao ya mwaka 2007 yaweka kiasi cha chini kuwa siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, hapo tumewazidi. (Ingawa kwa aliye peke yake nusu mshahara si nusu kama ya mwenziwe, kwani hakuna mshahara wa pili unaoingia nyumbani kuziba pengo.)

Pengo baina ya 126 na 4 ndilo linalozaa uongo. Siku ile nilipotoka kwa mkuu wangu, mwenzangu mmoja, mtu mwema kabisa, alinivuta kando akaniambia: "Ndugu yangu, kwa nini wajitesa? Kamwambie daktari tumbo lakuuma, upate cheti, ukakae na mwanao." Nakiri kwamba usiku ule, nimeketi kando ya kitanda cha mtoto nikihesabu pumzi zake, niliyafikiri sana maneno hayo. Mwisho niliandika barua ya kuomba siku bila malipo, nikakubaliwa, na mshahara wa mwezi ule ukaja umekatwa. Walakini siwezi kumlaumu aliyefanya vingine. Kanuni inayomlipa anayejifanya mgonjwa, na kumkata anayesema kweli kwamba mgonjwa ni mtoto, inatufundisha makarani tabia ambayo hakuna mwajiri anayeitaka.

Najua nitajibiwa kwamba mtoto wa Kiafrika halelewi na mtu mmoja, shangazi na mama wadogo wapo. Ndiyo, wapo, lakini shangazi wa watoto wangu yuko Singida ana shamba lake na wanawe, na nauli yake ya kuja ni mimi ninayeilipa. Nitajibiwa tena kwamba ofisi ndogo yenye karani mmoja hufungwa akiondoka. Jibu hili lina uzito zaidi, wala silipuuzi, maana nimewaona wazee wakirudi kwa miguu kwa kuwa dirisha langu lilikuwa limefungwa. Ila dirisha hilo hilo hufungwa pia kwa cheti cha tumbo.

Wako wenzetu waliokwisha kulitengeneza jambo hili. Afrika Kusini, kwa sheria ya mwaka 1997, humpa mfanyakazi siku 3 kila mwaka kwa mambo ya jamaa, nazo ni 9 katika miezi yetu 36. Ujerumani wamekwenda mbali: kwa mwaka 2024 na 2025 kila mzazi mwenye bima ya umma alipewa siku 15 kwa kila mtoto anayeugua, na aliye peke yake siku 30, kwa kuwa yeye ndiye baba na mama. Sisi hatuna fedha za Ujerumani, lakini kuhesabu kwao twaweza kukuiga. Na isisemwe kwamba sheria yetu haibadiliki, kwani marekebisho ya mwaka 2025 yaliongeza likizo ya mama aliyejifungua mtoto njiti. Tena kifungu cha 7 cha sheria hii chakataza mfanyakazi kubaguliwa kwa hali yake ya ndoa au majukumu yake ya familia. Basi majukumu hayo sheria inayajua, imesahau tu kuyapa siku.

Chama cha watumishi Waafrika kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922 na Martin Kayamba kiliwafanya makarani waseme pamoja badala ya kila mmoja kulalamika mezani pake. Kwa hiyo naomba mkutano wetu ujao uandike mambo matatu: siku za ugonjwa wa mtoto zitengwe na siku za msiba, zihesabiwe kwa mwaka, na mzazi anayelea peke yake, akithibitisha, apewe mara mbili.

Mpaka hapo, kila mwenzangu aulize kwa mwandishi wa likizo siku zake zimebaki ngapi kabla hajazihitaji, maana mimi niliuliza nikiwa nimechelewa. Kadi ya kliniki na karatasi za kulazwa zitunzwe, kwani mwajiri ana haki ya kutaka ushahidi. Na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kitafutwe mapema, kwani bila hicho ni taabu kumwingiza katika bima. Cha mwanangu mdogo nilikuwa nacho, nacho ndicho kilichoniokoa na gharama za wodini.

Mtoto amepona, yuko shule.

Wasalaam,
Karani, Endasak