Ukaguzi wa Nywele Usiwe Hukumu

Kuna hukumu ambayo hutolewa katika shule zetu asubuhi ya ukaguzi wa usafi, pasipo ushahidi wala rufaa. Mwalimu wa zamu humtazama mwanafunzi utosini, na akiona kiraka kisicho na nywele hutamka neno moja tu: uchafu. Mtoto huamriwa aende akanyolewe ndipo arudi darasani. Mimi ni mwalimu, na hoja yangu leo ni kwamba hukumu hiyo mara nyingi si ya haki, na wakati mwingine humzidishia mtoto maradhi yale yale aliyoadhibiwa kwayo.

Kichwa cha mwanadamu kina nywele zipatazo 100,000, na kila siku kati ya 50 na 100 hung'oka zenyewe. Kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, hupumzika kwa muda wa miezi 3 hivi, kisha huanguka ili mwingine uchipuke pale pale. Mwili ukipatwa na mshtuko mkubwa, mathalani homa kali, upasuaji au kujifungua, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja na kuanguka miezi 2 au 3 baadaye. Ndiyo maana msichana aliyelazwa kwa homa ya matumbo mwezi Januari huweza kuona chanuo limejaa nywele mwezi Aprili, akadhani amerogwa, ilhali amekwisha kupona. Nywele hizo hurudi. Upara wa sisi wanaume watu wazima ni jambo jingine: huo hurithiwa, kutoka upande wa mama na wa baba pia, na huchochewa na homoni. Wapo wenzangu wanaodai kwamba ni alama ya elimu nyingi; na waendelee kujiliwaza.

Linaloumiza zaidi shuleni ni mapunye, ambayo watoto wengi huyaita mashilingi kwa umbo lake la sarafu. Haya huletwa na kuvu inayoingia ndani ya unywele wenyewe na kuukata karibu na ngozi, na huwapata hasa watoto ambao hawajabaleghe. Kwa kuwa kuvu hiyo imejificha ndani, mafuta ya kupaka pekee hayaifikii. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza, kama vile griseofulvin, ambayo imetumika tangu miaka ya 1950, tena kwa muda wa wiki 6 hadi 8 bila kukatiza. Mzazi aliyempaka mwanawe mafuta mwezi mzima bila nafuu si mzembe, hakuelezwa tu. Na kunyoa je? Kunyoa hakuponyi mapunye. Kinyume chake, mtoto aliyefukuzwa akanyolewe huenda kwa kinyozi, na mashine iliyompitia yeye humpitia anayemfuata ikiwa meno yake hayakusafishwa kwa dawa ya kuua viini. Wahenga walituusia kwamba tukimwona mwenzetu ananyolewa, tutie zetu maji. Hawakutuusia kuuliza mashine imetoka kichwa gani. Mapunye yakipuuzwa huweza kufura na kutunga usaha, na pale penye kovu nywele hazioti tena.

Wasichana wana adha yao, nayo huanzia kwenye kiti cha msusi. Tumezoea kumsifu msusi anayevuta matuta hadi ngozi ya paji inang'aa, na mtoto akilia huambiwa avumilie, kwani urembo una gharama. Mvuto huo, ukirudiwa mwezi baada ya mwezi, hudhoofisha mizizi ya nywele za mbele na za kandokando ya masikio. Mwaka 2007, Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Cape Town walichapisha uchunguzi wa wanafunzi 1,042, na ikabainika kwamba takriban msichana mmoja kati ya 6 alikuwa amepoteza nywele kwa njia hiyo, na kwamba hali ilizidi kadiri wasichana walivyosonga mbele kwa umri. Mwanzoni nywele hurudi zikilegezwa. Mvuto ukiendelea kwa miaka, mizizi hufa na kuacha kovu. Maumivu na vipele vidogo baada ya kusukwa ni onyo, wala si sehemu ya urembo.

Tena upo ugonjwa unaoacha kiraka laini, kisicho na magamba wala mwasho, kwa sababu kinga ya mwili imeishambulia mizizi ya nywele. Hauambukizi, wala hauhusiani na usafi hata kidogo. Mwanafunzi mwenye kiraka cha namna hii akitengwa kwenye bweni, ameonewa.

Najua nitaambiwa kwamba mwalimu si daktari. Kweli, wala simtaki awe daktari. Lakini yeye ndiye mtu mzima anayeviona vichwa 50 kwa wakati mmoja, na huenda akagundua mapema kuliko mzazi kwamba watoto 4 wa dawati moja wana magamba. Kazi yake hapo ni kuandika barua kwa mzazi, kuwaelekeza zahanati, na kuwaomba wote wa nyumba hiyo wachunguzwe, maana ndugu hulala mto mmoja na hutumia chanuo moja. Mtoto aliyekwisha kuanza dawa hana sababu ya kukosa masomo.

Ningependa basi walimu wakuu wazifungue kanuni zao za nywele, zile zinazotaja urefu, rangi na mtindo, waongeze mambo mawili: kwamba matuta yasikazwe hadi yaume, na kwamba hakuna mwanafunzi atakayerudishwa nyumbani au kunyolewa kwa sababu ya kiraka kabla ya kuonwa na mhudumu wa afya. Kinyozi anayeitwa shuleni kila muhula naye aje na chupa ya spiriti, na aitumie kila anapobadilisha kichwa.