Mzigo Mwepesi, Bega la Nani?

Fundisho moja limeenea miongoni mwa wasafiri wa zama hizi, hasa vijana wa Ulaya na Marekani wanaojitwika shanta na kuzizunguka nchi za joto kwa miezi mitatu, sita, hata mwaka mzima. Fundisho lenyewe ni fupi: safiri mwepesi. Shanta lisizidi kilo saba. Nguo ziwe chache, moja mwilini na nyingine kambani. Usibebe kinachoweza kununuliwa njiani. Na kwa kuwa uendako ni joto, kila vazi refu na libaki nyumbani. Haya husemwa kwa sauti ya hekima, na anayeyafuata hujiona amefikia daraja ya zuhudi, kwamba ameushinda ulimwengu na vitu vyake. Walakini zuhudi ni kujinyima. Mwenye kuacha kitu kwao, kisha akawalazimisha wengine wakibebe kwa niaba yake, hakujinyima. Amehamisha mzigo tu, kutoka bega lake hadi bega la mtu asiyemjua.

Haki yapasa itendeke kwanza: fundisho hili lina asili njema. Mwaka 1955, bibi mmoja wa Ohio, Marekani, aitwaye Emma Gatewood, akiwa na umri wa miaka 67, alitembea peke yake njia ya milimani ya Appalachian kutoka Georgia hadi Maine, mwendo wa zaidi ya kilomita 3,000. Alichukua mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, viatu vya turubai, na pazia la plastiki la bafuni la kujikingia mvua. Watembezi wa njia ndefu kama hizo ndio walioufanya wepesi kuwa elimu yenye hesabu za gramu, na huko misituni mantiki yake haina kasoro. Kila kilo hupandishwa mlima kwa miguu ya mwenyewe, na aliyeacha koti ndiye atakayetetemeka. Anayepunguza na anayekosa ni mtu mmoja. Hapo wepesi ni uadilifu.

Ila msitu si mji. Fundisho hilo lilipotolewa msituni likapandishwa ndege hadi Unguja, Lamu au Goa, lilifika mahali penye wenyewe, na papo hapo hesabu yake ikaharibika. Anayepunguza ni mmoja, na anayelipia upungufu ni mwingine.

Chukua mfano wa nguo. Kijana wa shanta hupita vichochoro vya Mji Mkongwe saa ya adhuhuri, watu wakielekea msikitini, naye amevaa kaptura isiyofika gotini na fulana isiyo na mikono, au hana fulana kabisa. Si kwamba ana nia mbaya. Suruali na shati refu vilifutwa katika orodha tangu kwao, kwa kuwa vina uzito. Gramu chache alizoziokoa haziko tena mgongoni mwake. Ziko kwa mzee anayeinamisha uso barazani. Ziko kwa mama mwenye nyumba ya wageni, anayetafuta maneno ya kumwonya bila ya kumvunjia heshima. Ziko kwa mtembeza wageni, ambaye kazi yake imekuwa ni kusimama baina ya pande mbili na kuziomba radhi zote. Stahamala hiyo haipimwi na mizani ya uwanja wa ndege, lakini ina uzito wake, na wapo wanaoibeba kila siku ya msimu.

Ati joto! Udhuru huu ndio dhaifu kuliko zote. Watu waliozaliwa katika joto, kuanzia Mabedui wa Uarabuni na Watuareg wa Sahara hadi watu wa pwani hii na kanzu zao, hawakulijibu jua kwa kuvua. Walilijibu kwa kitambaa kipana. Nguo pana huizuia miale isiipige ngozi, na hewa ipitayo baina ya kitambaa na mwili hulikausha jasho. Na jasho linapokauka ndipo mwili hupoa. Pwani, penye unyevu mwingi, jasho hukawia kukauka, ndiyo maana kitambaa kikatakiwa kiwe pamba nyembamba na kisibane. Mwaka 1980, watafiti walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wao juu ya majoho meusi ya Mabedui jangwani. Waligundua kwamba mwili wa mwenye joho jeusi haukupata joto zaidi ya mwili wa mwenye joho jeupe, kwani joto la ziada lililonaswa na kitambaa cheusi lilipotea kabla ya kuifikia ngozi. Hekima ya wenyeji ilikuwapo kabla ya vipimo. Vipimo vimekuja kuishuhudia tu.

Tena aliyeacha mikono ya shati kwao hana budi kuibadilisha kwa kitu. Hununua chupa za mafuta ya kujikinga na jua, akijipaka na kuingia baharini. Hawaii ilipitisha sheria mwaka 2018, ikaanza kutumika mwaka 2021, ya kukataza uuzaji wa mafuta hayo yenye kemikali mbili, oksibenzoni na oktinoksati, kwa kuhofia madhara yake kwa matumbawe. Shati haliishi kwenye chupa wala halimomonyoki majini. Hata kwa mizani yao wenyewe, basi, hesabu yao imekosea.

Ama kuhusu maji, orodha husema: usibebe, utanunua. Msafiri anywaye lita tatu kwa siku katika joto la Januari hununua chupa mbili za lita moja na nusu. Kwa siku 30, chupa hizo ni 60. Yeye ataondoka na shanta lake jepesi, na chupa zake 60 zitabaki kisiwani, ambako ardhi ni finyu na kila jaa lina jirani. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata mwaka 2019; muuza samaki na mteja wake wakabadili mazoea yao. Iweje mwenye kikapu aambiwe ajirekebishe, na mgeni asifiwe kwa kutobeba chupa moja ya bati na vidonge vya kusafishia maji, ambavyo uzito wake haufiki robo kilo?

Jambo hili si geni katika ardhi hii. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, misafara yake ilichukua tani zipatazo sita za nguo, shanga, nyaya na mahitaji mengine. Sifa ya kuvuka nchi ikawa yake; uzito ukawa wa wapagazi, kila mmoja na kilo 30 hivi begani au kichwani. Leo katika mlima Kilimanjaro kanuni za hifadhi zimeweka ukomo wa kilo 20 kwa mpagazi, na huo ni uungwana kuliko wa zamani. Hata hivyo mpandaji hupiga picha kileleni akiwa na kijimfuko cha maji na kamera, akisimulia alivyojifunza kuishi na vichache. Vingine vilikuwa wapi?

Watetezi wa fundisho watasema: huyu analeta fedha, chumba analipia, chupa analipia, mpagazi analipwa. Kweli. Lakini kodi ya chumba ni ya chumba. Hakuna risiti inayoonyesha kwamba mzee wa barazani amelipwa kwa kuinamisha uso, wala ufuo kwa kupokea chupa. Watasema pia kwamba shanta dogo ni bora kuliko masanduku manne ya mtalii tajiri. Hilo halina ubishi. Ila hapa halitetewi sanduku. Kinachopingwa ni kuita wema kile ambacho ni deni.

Kwa hakika usafiri mwepesi wa kweli uliijua pwani hii kabla ya shanta kushonwa. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alipokewa na kadhi na kukaribishwa kwa chakula. Siku ya nne, iliyokuwa Ijumaa, akaletewa mavazi: kitambaa cha hariri cha kufunga kiunoni badala ya suruali, nguo za kitani cha Misri, na kilemba. Akayavaa akaenda nayo msikitini pamoja na wenyeji wake. Huko, mwenyeji alibeba sehemu ya mzigo wa mgeni kwa hiari na kwa jina lake, na mgeni akaupokea kwa kuingia katika ada ya mji. Huo ulikuwa mkataba wa pande mbili. Msafiri wa leo ameutwaa upande mmoja wa mkataba huo, ule wa kupokea, na upande wa pili ameuacha kwao pamoja na suruali.

Wapenzi wa ushairi hawahitaji kuelezwa zaidi, kwa maana wao nao wana mizani yao. Mshairi mwenye mizani kumi na sita kwa mshororo hatupi silabi ovyo ili aitwe mwepesi. Hutafuta neno moja litakalobeba kazi ya matatu. Doti ya kanga ni neno la namna hiyo: ni shuka, ni taulo, ni mtandio, ni pazia, ni mto, na uzito wake hauchoshi bega la mtoto. Kikoi kwa mwanamume ni vivyo hivyo. Shati moja la pamba lenye mikono mirefu, suruali moja pana, kikoi au kanga, chupa ya bati, vidonge vya maji: hivyo vyote havijazi hata nusu ya shanta, wala havimwachii mwenyeji kitu cha kubeba.

Mshororo uliopungukiwa mizani hauitwi mwepesi. Shairi lake huitwa guni, na msomaji ndiye hulazimika kulivuta na kulijazia ili liimbike. Msafiri anayejazwa mapengo yake na watu wa kila mji anaopita, naye safari yake ni guni, hata kama shanta lake lina kilo tano.