Bidhaa ya Bei Sifuri Yakosa Wanunuzi

Katika soko la programu za kompyuta ipo bidhaa inayotolewa bure, lakini wafanyabiashara wetu wengi hawaigusi. Lugha ya PHP, iliyotolewa kwa umma mwaka 1995, na hifadhidata ya MariaDB, ya mwaka 2009, hazilipiwi hata senti. Kifurushi cha XAMPP, nacho bure, huziweka pamoja na seva ya Apache ndani ya kompyuta ya nyumbani. Ukishakipakua, mazoezi hayahitaji intaneti.

Mwenye duka anayelipia programu ya hesabu kila mwezi, huku kijana wake aliyemaliza shule anacheza michezo kwenye kompyuta, anatupa fedha. Kijana aanze na wadeni, si na kurasa za rangi. Jedwali moja liwe la wateja, la pili la mikopo, yaunganishwe kwa namba ya mteja. Mteja akibadili simu, unasahihisha mahali pamoja tu. Daftari lina mistari mingapi ya kufuta?

Tahadhari moja: akaunti kuu ya hifadhidata ndani ya XAMPP huja bila nywila. Ni ya mazoezi. Anayeifungulia mtandao ikiwa hivyo anawaachia wageni orodha ya wadeni wake.