Adui wa saa ya babu ni mafuta na sumaku

Mpenzi msomaji, huenda katika kabati la mzee nyumbani kwenu mna saa ya mkono isiyotumia betri, ile ya kutia ufunguo. Vijana wakiiona huicheka, kwa kuwa simu zao huonyesha wakati bila kukosea. Juma hili hebu tuifungue kifuniko cha nyuma tuone kilichomo.

Ndani mna kamani, yaani springi ya utepe wa chuma uliokunjwa. Unapotia ufunguo unaikaza, nayo hutaka kukunjuka. Ikiachwa ikunjuke ipendavyo, akrabu zitazunguka kama pia na nguvu zote zitaisha mara moja. Ndiyo maana mafundi wa kale waliweka bawabu mlangoni. Huyu ni kipande kidogo cha chuma chenye ncha mbili za yakuti, ambacho hulizuia gurudumu la meno na kuliruhusu lipite jino moja moja. Bawabu naye hupokea amri kutoka kwa gurudumu linaloyumba huku na huku, likirudishwa na springi nyembamba kama unywele. Ule mlio unaousikia ukiweka saa sikioni ni bawabu akiwa kazini. Katika saa nyingi za kisasa hugonga mara 8 kwa sekunde, yaani mara 691,200 kwa siku.

Hapo ndipo penye tatizo. Kila jino likipita husugua yakuti, kwa hivyo ni lazima patiwe mafuta. Mafuta nayo hukauka na kuwa mazito kama gundi, na saa huanza kupoteza dakika. Kwa zaidi ya miaka 200 hakuna aliyepata dawa iliyokubalika viwandani.

Aliyeipata ni Mwingereza George Daniels, aliyezaliwa mwaka wa 1926. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 akaajiriwa katika kiwanda cha magodoro. Baadaye alisomea ufundi wa saa katika masomo ya jioni. Katika miaka ya 1970 alibuni bawabu wa namna nyingine, ambaye meno yake husukuma badala ya kuteleza, kama vile mtu anavyousukuma mlango kwa kiganja bila kuuparuza. Msuguano ulipungua sana, na haja ya mafuta pia.

Je, alipokewa kwa vigelegele? Hata kidogo. Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilikuwa imetoa saa ya mkono ya kwatzi, inayotumia betri, na viwanda vya Uswisi vikaanza kuporomoka. Wafanyakazi wao walipungua kutoka kama 90,000 mwaka wa 1970 hadi kama 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Daniels alibisha milango ya Uswisi kwa miaka mingi. Ni mwaka wa 1999 ambapo kampuni ya Omega ilianza kuuza saa zenye uvumbuzi wake. Nanyi wanafunzi mnaokata tamaa kwa kufeli mtihani mmoja, mwasemaje?

Adui wa pili ni sumaku. Ile springi ya unywele ikishikwa na sumaku, mizunguko yake hunatana, na saa hukimbia kwa dakika nyingi kila siku. Mwaka wa 2001 kampuni ya Ulysse Nardin ilitoa saa yenye magurudumu ya silikoni, kitu kile kile kinachotengenezewa vipande vya kompyuta. Silikoni haivutwi na sumaku, ni nyepesi, na katika sehemu hizo huweza kufanya kazi bila mafuta. Kufikia mwaka wa 2013 Omega ilikuwa na mtambo wa saa unaostahimili sumaku ya gausi 15,000.

Lakini tusidanganyane. Saa hizo ni za watu wenye pesa nyingi, na hata zile bora huruhusiwa kukosea kwa sekunde kadhaa kila siku. Saa ya betri ya bei rahisi huzishinda kwa usahihi. Tena silikoni haikunjiki, huvunjika. Ikivunjika, fundi wa mtaani hana la kufanya ila kungoja kipande kutoka kwa kampuni. Saa ya babu ni tofauti, kwani fundi stadi aweza kuinyoosha, kuisafisha na kuichongea kipande. Maendeleo yamepunguza safari za kwenda kwa fundi, lakini yamepunguza pia mafundi wanaoweza kutusaidia.

Kwa hivyo, msomaji, usiitupe saa ya mzee wala usiitingishe kwa nguvu ikikataa kwenda. Iwapo imeanza kukimbia ghafla, mwambie fundi aiondoe sumaku kwanza. Ni kazi ya dakika chache tu. Usiilaze juu ya spika ya redio, wala karibu na mkoba au kifuniko cha simu chenye kishikizo cha sumaku. Na ikiwa imelala kabatini kwa miaka mingi, isafishwe na kutiwa mafuta mapya kabla ya kuvaliwa, kwani mafuta makavu huyala magurudumu polepole.

Ukifanya hivyo, huenda mjukuu wako naye akaiweka sikioni na kumsikia bawabu yule yule aliyemhudumia babu yako.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.