Gari hupimwa kwa milimita, mwenyeji wa mbio naye apimwe

Jumapili ya Desemba 7, 2025, dereva Mwingereza Lando Norris alimaliza wa tatu mjini Abu Dhabi na kutawazwa bingwa wa dunia wa Formula 1. Alimpita Max Verstappen kwa pointi mbili tu, 423 kwa 421. Siku tatu baadaye, wapiganaji wa M23 waliingia Uvira, mji wa pili kwa ukubwa katika jimbo la Kivu Kusini. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) lilifanya sherehe ya kuwatuza mabingwa wake mjini Tashkent, Uzbekistan.

Mwaka mmoja kabla, Desemba 13, 2024, sherehe hiyo ilifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Hapo ndipo Rais Paul Kagame alipotangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za Formula 1. Uwanja wa mbio ulipangwa kujengwa karibu na uwanja mpya wa ndege wa Bugesera.

Huko Uvira, wengi hufuata soka kuliko mbio za magari. Hata hivyo, ombi la Kigali linawahusu, na mchezo wenyewe unatoa kipimo kizuri cha kulitazama.

Msimu wa 2025 ulikuwa wa gari moja, McLaren MCL39. Lilishinda mbio 14 kati ya 24, saba za Norris na saba za mwenzake Oscar Piastri, na timu ikatwaa ubingwa wa watengenezaji nchini Singapore zikiwa zimebaki mbio sita. Siri haikuwa injini, kwa sababu injini yake ya Mercedes ilitumiwa na timu nyingine tatu, ikiwemo Mercedes yenyewe, iliyoambulia ushindi mara mbili tu. Tofauti ilikuwa katika namna wahandisi walivyolilinda tairi na joto. Hewa ilipitishwa kwenye breki za nyuma kwa ustadi, hata gari likaweza kukimbia mizunguko mingi huku wapinzani wakilalamika kwamba tairi zao zimekwisha.

Lakini gari hilo bora lilikamatwa na kipande cha ubao. Chini ya kila gari la Formula 1 kuna ubao wenye unene wa milimita 10. Sheria inaruhusu ulike kwa kusugua barabara, lakini usipungue milimita 9, kwa sababu gari linalokwenda chini sana hupata faida wasiyo nayo wengine. Novemba 22, 2025, baada ya mbio za Las Vegas, wakaguzi walipima magari yote mawili ya McLaren na kukuta ubao umepungua kwa sehemu ndogo ya milimita. Norris alikuwa amemaliza wa pili na Piastri wa nne. Wote wawili walifutwa kwenye matokeo. McLaren ilieleza kwamba haikukusudia, na FIA ikakubali kwamba hapakuwa na hila. Adhabu ikabaki pale pale. Mapema mwaka huo, nchini China, Lewis Hamilton alifutwa kwa kosa la ubao, na Charles Leclerc na Pierre Gasly kwa magari yaliyopungukiwa uzito.

Huo ndio ukali wa mchezo huu, na ndio unaoupa heshima. Mshindi hapokelewi kwa maneno yake, gari lake linawekwa kwenye mizani. Swali ni kwa nini ukali huo uishie kwenye gari. Nchi inayoomba kuandaa mbio nayo inapaswa kupimwa, na si kwa hoteli, barabara na kiasi cha fedha peke yake.

Vipimo vipo tayari. Februari 21, 2025, baada ya Goma na Bukavu kutekwa, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha kwa kauli moja azimio namba 2773. Liliitaka M23 isimamishe mashambulizi, na likalitaka jeshi la Rwanda liache kuisaidia M23 na kuondoka katika ardhi ya Congo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza msaada huo katika ripoti moja baada ya nyingine. Rwanda inakanusha, na inasema inachukua hatua za kujilinda dhidi ya FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994. Hofu hiyo ina historia yake na haifai kubezwa. Lakini Uvira iko mbali na mpaka wa Rwanda. Inatazamana na Burundi, upande wa pili wa bonde la Ruzizi.

Ni mji unaoishi kwa ndagala wa Ziwa Tanganyika, kwa mizigo ya bandari ya Kalundu na kwa biashara ya kuvuka Kavimvira kwenda Bujumbura. Baada ya Bukavu kuanguka, serikali ya jimbo ilihamia hapo. Desemba 4, 2025, Marais Félix Tshisekedi na Paul Kagame walitia saini makubaliano ya amani mjini Washington. Wiki haikuisha kabla ya Uvira kutekwa. Katika mwezi huo zaidi ya watu 80,000 walikimbilia Burundi, wengine kwa miguu na wengine kwa mitumbwi. M23 ilitangaza kuondoka kwa shinikizo la Marekani, na wapiganaji wake wakatoka mjini katikati ya Januari 2026.

Wapo watakaosema Formula 1 isichanganywe na siasa. Wenye mchezo wenyewe walishajibu hoja hiyo. Februari 24, 2022, Urusi iliivamia Ukraine. Siku iliyofuata, Formula 1 ilitangaza kwamba haiwezekani kushindana Sochi katika hali hiyo, na Machi 3 ikavunja mkataba wa mbio za Urusi. Haikuchukua hata siku kumi.

Wengine watauliza kwa nini Rwanda ibanwe ilhali mbio zinakwenda Saudi Arabia, iliyopigana vita Yemen. Hoja hiyo ina uzito, na inauaibisha mchezo. Lakini mkaguzi aliyekosa kuupima ubao mmoja hatakiwi kuacha kupima unaofuata.

Ipo pia hoja ya Afrika. Mbio za mwisho za Formula 1 barani humu zilifanyika Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Hamilton amekuwa akidai kwa miaka kwamba mashindano yanayoitwa ya dunia hayawezi kuliruka bara zima, na anasema kweli. Madai hayo ya haki yasigeuzwe pazia. Watu waliovuka kwenda Burundi usiku ni Waafrika vile vile, na mbio za Afrika zisizowajali hao zitakuwa za Afrika kwa jina.

Wala Congo si jambo la mbali kwa magari haya. Kwa kanuni za 2026, mota ya umeme ya gari imepandishwa kutoka kilowati 120 hadi 350, na karibu nusu ya nguvu zote sasa inatokana na umeme. Ulimwengu wa betri unaitegemea Congo, inayotoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia kutoka migodi ya Lualaba na Haut-Katanga. Koltani inayotumika katika vifaa vya elektroniki huchimbwa Rubaya, Kivu Kaskazini, machimbo yaliyoshikwa na M23 tangu 2024. Mchezo unaojisifu kwa umeme safi una sababu ya kuuliza vita vinavyopiganwa juu ya madini hayo vinaendeshwaje.

Kinshasa nayo isijione imepona. Mapema 2025, waziri wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliiandikia Formula 1 kuitaka isiipe Rwanda mbio, na alikuwa na haki. Katika mwaka huo huo, serikali yake ilisaini mikataba ya udhamini na AC Milan, AS Monaco na FC Barcelona, mamilioni ya euro yakienda kwenye jezi. Nchi inayowakemea wengine kwa kununua sura nzuri michezoni ingeanza kwa kuwalipa kwa wakati askari wake, na kuitengeneza barabara ya taifa namba 5 inayoiunganisha Uvira na Bukavu na Baraka.

Formula 1 ilijibu barua ile kwa kusema inafuatilia hali. Kufuatilia hakutoshi kwa mchezo wenye vipimo vya namna hii. FIA na Formula 1 zitangaze wazi kwamba ombi la Kigali halitajadiliwa mpaka azimio 2773 litekelezwe na Umoja wa Mataifa uthibitishe hivyo, na mpaka waliokimbia Uvira waweze kurudi nyumbani bila hofu. Sharti hilo likitimia, Rwanda iwekwe mezani pamoja na waombaji wengine na ihesabiwe kwa haki. Mpaka hapo, jibu liwe lile lile waliloambiwa McLaren Las Vegas, timu iliyokuwa na gari bora kuliko yote: kipimo kimeonyesha pungufu, na matokeo hayahesabiwi.